Gemu Inafundisha, Lakini Inafundisha Nini?



Ndugu msomaji, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Chunya. Jumapili moja baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya yetu alinivuta pembeni akaniambia, "Frateri, wewe bado kijana, wale watoto watakusikia. Nenda pale kwenye kibanda cha gemu uwaambie waache. Wanapotea wale." Nikamjibu, "Sawa mama, nitakwenda." Sikumwambia kwamba mmoja wa wale watoto ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, mwanafunzi wa kidato cha pili, na kwamba wiki ileile alikuwa amechomoa shilingi 10,000 kwenye pochi ya mama yake na zote zikaishia kibandani. Kwa hiyo nilikuwa na sababu mbili za kwenda, na hotuba nilikuwa nayo tayari kichwani.

Kibanda chenyewe ni cha mabati. Ndani mna runinga mbili, PlayStation mbili za zamani zilizofungiwa kwenye sanduku la mbao lenye kufuli, benchi, na siku hiyo watoto kama kumi na watano. Mechi moja ya mpira ni shilingi 500, na desturi ya pale ni kwamba aliyefungwa ndiye anayelipa. Waliniamkia "Shikamoo frateri" bila kuondoa macho kwenye kioo. Nikakaa kwenye benchi nikisubiri mechi iishe ili nianze kusema. Nilikaa karibu saa mbili, na hotuba sikuitoa.

Mpwa wangu hakuwa anacheza mechi. Alikuwa kwenye runinga ya pili, katika ile sehemu ya gemu ya mpira ambapo unakuwa meneja wa timu: unanunua na kuuza wachezaji, unalipa mishahara, unakuza vijana, na ukiendesha timu vibaya unafukuzwa kazi. Maandishi yote ni ya Kiingereza. Huyu ni mtoto ambaye mtihani wake wa Kiingereza wa muhula ule ulikuwa wa kusikitisha, nami niliuona kwa macho yangu. Lakini pale alikuwa anasoma na kuamua, tena kwa haraka. Nilimwuliza mbona hamnunui mshambuliaji fulani. Akanijibu, "Mjomba, huyu mshahara wake utanivunjia bajeti. Nitamchukua kwa mkopo nusu msimu, nimwangalie kwanza." Nikamwuliza bajeti ni nini. Akanieleza vizuri kabisa, kwa mifano.

Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo limenirudisha nalo seminarini. Kama mtoto huyu anaweza kujifunza haya yote mbele ya runinga ya kibandani, bila mwalimu na bila kiboko, kwa nini hajifunzi darasani? Na kama gemu inafundisha hivyo, kwa nini anaiba?

Nianze na swali la kwanza. Tuna jaribio kubwa lililofanyika hapahapa nchini kwetu, na nashangaa kwamba Watanzania wachache wanalijua. Ni lile shindano la kimataifa lililoitwa Global Learning XPRIZE. Washindani waliombwa watengeneze programu ya kishikwambi itakayomwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, bila mwalimu. Timu tano zilizofika fainali zilipewa dola milioni moja kila moja, na programu zao zikaletwa Tanga zijaribiwe kwa Kiswahili. Watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi, vijiji vikawekewa vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua, na kazi ikaendelea kwa miezi 15, kwa ushirikiano wa Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani.

Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitabu nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 ushindi ulitangazwa kwa timu mbili kwa pamoja, Kitkit School na onebillion, nazo zikagawana dola milioni 10.

Kitkit School inatuhusu zaidi hapa kwa sababu imetengenezwa na mtu wa magemu. Sooinn Lee, mama kutoka Korea Kusini, alikuwa mbunifu wa gemu za kompyuta. Mwanawe alizaliwa na changamoto za kiafya ambazo zingemfanya ajifunze kwa shida. Mama huyu, pamoja na mumewe, wakaanza kubuni programu ambazo mtoto kama wao angeweza kuzitumia bila kukata tamaa. Walichukua ule ufundi unaomfanya mtu ashindwe kuacha gemu wakauweka kwenye herufi na tarakimu. Mtoto wa kijiji cha Tanga aliyejifunza a, e, i, o, u kwenye kile kishikwambi alikuwa anafaidi upendo wa mzazi mmoja kwa mtoto mmoja wa mbali kabisa. Mimi naiona hiyo kuwa habari njema, ingawa haikutangazwa kwenye mimbari yoyote.

Hata jirani zetu wa Malawi, tunaovuka kwenda kwao pale Kasumulu, wana ushuhuda wa namna hiyo. Mtafiti Nicola Pitchford wa Chuo Kikuu cha Nottingham alipima programu za hisabati za onebillion katika shule ya msingi moja huko Lilongwe, na mwaka 2015 akachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto waliozitumia kwa wiki nane waliendelea vizuri zaidi kuliko wenzao waliofundishwa kwa kawaida.

Siri iko wapi? Nilipokuwa nimekaa kwenye ile benchi niliona kitu kimoja ambacho naamini ndicho kiini. Mtoto anakosea, gemu inamwonyesha papo hapo kwamba amekosea, naye anaanza tena baada ya sekunde tano. Hakuna anayemwandikia alama nyekundu. Wenzake wanamcheka, ndiyo, lakini zamu yake itarudi na yeye atawacheka. Ukija darasani, mtoto ananyosha kidole mara moja mwezi wa pili, anakosea, darasa zima linacheka, na kidole hicho hakinyanyuki tena mpaka Novemba. Daftari lake la mazoezi linarudi baada ya wiki mbili, wakati ameshasahau alikuwa anafikiri nini alipokosea. Siwalaumu walimu, mwalimu mwenye wanafunzi themanini darasani hawezi kumjibu kila mmoja papo hapo. Mashine inaweza, na haichoki.

Halafu gemu nzuri inapandisha ugumu kidogokidogo. Haikupi jambo usiloliweza kabisa, wala haikuachi kwenye lile ulilolizoea. Wazee wetu walilijua hili kwenye bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mtoto anaanza kwa kutazama, halafu anachezeshwa na mdogo mwenzake, halafu siku moja mzee mmoja anamwita akae mbele yake. Mholanzi Alex de Voogt alifanya utafiti kwa mabingwa wa bao wa Zanzibar, akaandika tasnifu yake Leiden mwaka 1995 kuhusu namna mabingwa hao wanavyohesabu kete nyingi kichwani kwa hatua ndefu mbele. Mwalimu Nyerere naye alilipenda bao, na sijasikia mtu akisema lilimpotosha. Lakini wapo akina mama wengi ambao wangeweza kutuambia kuhusu waume wanaoshinda kwenye bao toka asubuhi, kwa hiyo lawama ya yule mama wa jumuiya si ngeni sana.

Kuhusu ujuzi mwingine, wanasayansi wameandika mengi. Nitaje mawili tu. Mwaka 2003 Shawn Green na Daphne Bavelier walichapisha katika jarida la Nature kwamba watu wasiokuwa wachezaji, walipocheza gemu ya vita saa moja kila siku kwa siku kumi, uwezo wao wa kugawa umakini wa macho uliongezeka kuliko wale waliocheza Tetris. Mwaka 2007 daktari James Rosser na wenzake waliwapima madaktari 33 huko New York katika mazoezi ya ule upasuaji wa matundu madogo unaofanywa kwa kuangalia kamera. Wale waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37, na walimaliza haraka zaidi kwa asilimia 27.

Hapa nisimame kidogo, maana tunaosoma falsafa tunafundishwa kutokimbilia hitimisho. Utafiti wa madaktari unaonyesha vitu viwili vinavyokwenda pamoja; hauthibitishi kwamba kimoja kimezaa kingine. Labda mtu mwenye mikono mizuri toka kuzaliwa ndiye anayependa gemu na ndiye pia anayekuwa daktari mzuri. Ule wa mwaka 2003 una nguvu zaidi kwa sababu watu walifundishwa na kupimwa kabla na baada. Lakini gemu iliyoongeza umakini ilikuwa ya kupiga watu risasi, na hilo kwetu si jambo dogo. Papa Benedikto XVI, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni mwaka 2007, alizilaani waziwazi gemu zinazotukuza ukatili na kudhalilisha ujinsia wa binadamu. Jicho linaweza kunolewa huku moyo unafanywa butu.

Tena, kuna wauzaji wa maneno. Kampuni ya Marekani iitwayo Lumosity iliwaahidi watu kwamba michezo yake midogo ingewafanya wawe bora kazini na shuleni, na hata kuchelewesha usahaulifu wa uzeeni. Mwaka 2016 ilikubali kulipa dola milioni mbili baada ya mamlaka ya biashara ya huko kuona kwamba haikuwa na ushahidi wa kutosha. Mara nyingi anayecheza gemu fulani anakuwa hodari wa gemu hiyohiyo, basi. Kuvuka kutoka kwenye gemu kwenda maishani hakutokei kwenyewe.

Hili nililiona kwa mpwa wangu. Alijua bajeti, lakini hakujua kwamba anajua. Jioni ile nyumbani nilimwambia achukue daftari aandike mapato na matumizi ya timu yake, kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Akafanya, tena kwa furaha. Kisha nikamwambia sasa aandike ya baba yake. Shemeji yangu ni mchimbaji mdogo upande wa Matundasi. Tukakaa watatu: dizeli, chakula cha vibarua, kupeleka mawe karashani, zebaki, mgawo wa mwenye shimo, na bei aliyouzia sokoni mara ya mwisho. Mtoto akajumlisha. Miezi miwili mfululizo baba yake alikuwa amefanya kazi kwa hasara na hakuwa anajua, kwa sababu hakuwahi kuandika. Shemeji alinyamaza muda mrefu. Halafu akamwuliza mwanawe, "Hii umeisoma wapi?" Na mtoto, kwa aibu, akasema, "Kwenye gemu." Sikuwa na la kuongeza.

Kilichovusha ujuzi ule ni daftari na mtu mzima aliyekaa karibu akauliza swali. Hata wale watoto wa Tanga hawakuachwa kila mtu mahali pake. Walikuwa wanakaa pamoja, anayejua anamwelekeza asiyejua.

Sasa lile swali la pili, la wizi. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anasema tunakuwa wajenzi kwa kujenga na wapiga kinubi kwa kupiga kinubi, na fadhila nazo tunazipata hivyohivyo, kwa kutenda. Hiyo sehemu tunainukuu sana kwenye mitihani. Tunasahau anachoongeza mara moja baada ya hapo: kwamba kwa kupiga kinubi hutokea wapigaji wazuri na pia wapigaji wabaya. Kitendo kilekile, kikirudiwa vizuri kinajenga, kikirudiwa vibaya kinabomoa. Gemu ni marudio. Mtoto anarudia mara elfu. Kwa hiyo kusema gemu haifundishi kitu ni kukosea kabisa. Inafundisha muda wote, na kwenye kile kibanda ilikuwa inafundisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Kwenye kioo ilifundisha kupanga na kuvumilia. Kwenye benchi, ile desturi ya "aliyefungwa analipa" ilifundisha kuweka pesa usiyokuwa nayo ukitumaini kushinda. Shilingi 10,000 za dada yangu hazikuliwa na gemu. Ziliisha kwa kufungwa mara ishirini na kutaka kurudisha heshima.

Na nje ya mlango, hatua tatu tu, lilikuwepo dubwi. Wakazi wa miji yetu mnalijua: ile mashine ya kutumbukiza sarafu. Kisheria aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari, lakini nilimwona mtoto wa sare za shule ya msingi akitoka kibandani na kutumbukiza chenji yake humo. Wazazi wengi wanaviweka hivi viwili kwenye kapu moja na kuviita "magemu". Ni kosa la kufikiri, na lina madhara. Katika gemu ya mpira ukijifunza zaidi unashinda zaidi. Dubwi halina cha kujifunza. Ukicheza mara mia moja huna ujuzi zaidi ya ulipoanza, na limepangwa ili mwenye mashine apate. Kinachorudiwa pale ni tamaa peke yake. Kama nina hotuba ya kutoa Chunya, ni juu ya dubwi, na nitaanza na wenye maduka, si watoto.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia kutokwenda pembeni. Katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anauliza kama kuna fadhila inayohusu michezo, na anajibu kwamba ipo. Anakumbusha hadithi ya upinde: ukivutwa daima bila kulegezwa unavunjika, na roho ya mtu ni hivyohivyo. Anaonya juu ya kupitiliza, halafu anasema pia kwamba mtu asiyejua kucheza kabisa na anayewakera wanaocheza ana kasoro. Nilipoisoma mara ya kwanza niliwafikiria watu fulani wa parokiani kwetu, nikatubu.

Kipimo chenyewe ni nini? Tuna kijana aliyekipata. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na PlayStation na aliipenda. Inasimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Kompyuta alijifunza mwenyewe, akaitumia kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi. Sisemi kila mtoto wa Chunya afuate saa moja. Shirika la Afya Duniani, ambalo limeingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, halihesabu saa. Linaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu imesukuma mengine yote pembeni, na kama anaendelea ingawa anaona inamharibia maisha. Mzazi anaweza kuyaona hayo bila kuwa daktari.

Kwa mpwa wangu tulikubaliana hivi, yeye, mama yake na mimi. Zile 10,000 atazirudisha kwa kubeba maji Jumamosi, shilingi 500 kwa kila safari, yaani safari 20. Kibandani ataenda Jumamosi tu akimaliza maji, na pesa analipa kabla ya kucheza. Mechi za "aliyefungwa analipa" hachezi. Maneno mapya ya Kiingereza atayaandika nyuma ya daftari lile la baba yake. Mama yake hakufurahi sana. Alitaka nimkataze kabisa, na bado anasema nimemwonea huruma.

Yule mama wa jumuiya nilimkuta Jumapili iliyofuata. "Vipi frateri, wameacha?" Nikamwambia hapana, hawajaacha, lakini nikamwomba twende wote kwa mwenye kibanda tukamwombe ahamishe dubwi. Akaniangalia, akaguna, akajifunga vizuri kitenge cha WAWATA, akasema, "Haya, twende sasa hivi kabla sijabadili mawazo."